Billie Holiday anachelewa kwa makusudi, au sisi ndio tunahesabu vibaya? Leteni albamu za waimbaji wa jazz

#1 SahaniNyeusi
Wakuu, salaam.

Dai langu ni hili: mwimbaji wa jazz hapimwi kwa ukubwa wa sauti wala urefu wa pumzi. Anapimwa kwa mahali anapoliweka neno kati ya pigo na pigo. Na hapo Billie Holiday bado yuko peke yake.

Sikilizeni "What a Little Moonlight Can Do" ya tarehe 2 Julai 1935, kundi la Teddy Wilson, Benny Goodman kwenye klarineti. Bendi inakimbia mbio, yeye anaingia kama mtu anayetembea jioni hana haraka na lolote, na mwisho wa mstari wanafika mlangoni pamoja. Alikuwa na miaka 20.

Maswali mawili. Anachelewa kwa kiasi gani hasa? Na alilitoa wapi? Kila anayechangia aweke albamu na mwaka, wengine tukasikilize. Naanza na Lady in Satin (1958).

#2 TenaMzito
Jibu ni Lester Young, mkuu. Sikiliza saksafoni yake kisha umsikilize Billie: sentensi ndefu, laini, zinaanza baada ya pigo la kwanza, hazianzi juu yake. Wawili wale walikuwa wanaongea lugha moja. Ushahidi ni "Fine and Mellow" ya kipindi cha televisheni cha The Sound of Jazz, CBS, Desemba 1957. Lester anapiga duru moja tu ya bluzi (mzunguko mzima wa wimbo), vipimo 12 vya mapigo manne manne, hakuna noti ya ziada, na unasikia kabisa namna Billie anavyoimba.
Albamu: The Sound of Jazz, maana ndiyo sauti ya kipindi kile.

#3 Burashi
TenaMzito, hapo kuna makosa mawili.

Moja, Lester aliingia studio na Billie kwa mara ya kwanza tarehe 25 Januari 1937. Rekodi aliyoitaja SahaniNyeusi ni ya 1935, na saksafoni ya tena (tenor) humo ni ya Ben Webster. Mwendo ule alikuwa nao kabla ya Lester.

Mbili, albamu ya The Sound of Jazz si sauti ya televisheni. Ilirekodiwa tarehe 4 Desemba 1957 katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30, New York, na kipindi kikaenda hewani moja kwa moja tarehe 8. "Fine and Mellow" ziko mbili tofauti. Ile solo ya Lester unayoisifu, kwa haki kabisa, ni ya tarehe 8.

Mimi nasema chanzo ni Louis Armstrong. Chukua "West End Blues" ya 1928. Sehemu anayoimba bila maneno, akijibizana na klarineti, anaziacha noti zidondoke baada ya pigo kisha anazikusanya. Billie mwenyewe alisema alitaka sauti kubwa ya Bessie Smith, mwimbaji wa bluzi, na hisia ya Armstrong. Sauti kubwa hakuipata, hisia aliipata.

#4 TenaMzito
Nimepokea sahihisho la tarehe, shukrani. Lakini Lester simtoi. Kati ya 1937 na 1938 kuchelewa kwa Billie kunabadilika: mwanzoni anachelewa neno moja moja, baadaye anachelewa sentensi nzima. Hilo si la Armstrong.

#5 Kipaza44
Kabla hatujagombana kuhusu chanzo, tupime kwanza. Programu yoyote ya kuhariri sauti inayoonyesha mchoro wa mawimbi inatosha.

Chagua wimbo wa kasi ya kati au ya polepole, wenye besi inayotembea noti nne kwa kila kipimo. Usianze na "What a Little Moonlight", mbio zile zitakuchosha. Chukua vipimo 8, usizidishe. Punguza kasi hadi nusu bila kubadilisha kimo cha sauti. Sikiliza ukiwa na hedifoni na weka alama kila kidole cha besi kinapogusa uzi, alama 32 kwa vipimo 8. Rudia mara ya pili bila kutazama alama za kwanza. Zikitofautiana kwa zaidi ya milisekunde 20, sikio limechoka, pumzika.

Sasa weka alama za mwimbaji kwenye mstari wa pili. Umbali kati ya alama yake na alama ya besi ugawe kwa urefu wa pigo, usiuache katika milisekunde. Kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Kwa mapigo 60 ni 1,000. Kuchelewa milisekunde 150 katika wimbo wa kwanza ni asilimia 30 ya pigo, katika wa pili ni asilimia 15, na masikio yanayapokea kama mambo mawili tofauti.

Kosa la kawaida ni kuliita neno "limechelewa" kumbe limekaa sawasawa kwenye nusu ya pili ya pigo ya swingi, yaani pigo lililogawanywa kwa nusu zisizo sawa. Katika kasi ya kati nusu ya kwanza ni ndefu karibu mara mbili ya nusu ya pili, kwa hiyo nusu ya pili inaanza kwenye theluthi ya mwisho ya pigo, kama asilimia 67. Kasi ikipanda, nusu mbili zinakaribia kulingana. Anayeimba kwenye asilimia 67 hajachelewa, ana swingi tu.

Albamu ya kujifunzia: Sarah Vaughan ya Desemba 1954 akiwa na Clifford Brown. Roy Haynes yuko kwenye ngoma na Joe Benjamin kwenye besi, pigo linaonekana kama mstari wa rula.

#6 MamaSkati
Kipaza44, hatua zako nzuri ila umeruka jambo kubwa. Alama ya mwimbaji unaiweka wapi? Neno linaloanza na "s" au "sh" lina kelele ndefu kabla ya irabu, na sikio linalisikia pigo pale irabu inapofunguka. Ukiweka alama mwanzo wa "s", mwimbaji ataonekana amewahi wakati amechelewa. Weka mwanzo wa irabu, na ufanye hivyo kwa maneno yote, usichanganye.

Na mwangwi wa studio unafuta mwanzo wa irabu laini. Lady in Satin ina vyombo vya nyuzi na mwangwi mwingi, kwa hiyo si ya kuanzia kupima. Ni ya kulia nayo.

#7 Kipaza44
Kweli kabisa, dada. Nimeliacha.

#8 Mita343
Ongezeni na umbali wa maikrofoni. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Besi iliyo mita 3 nyuma ya maikrofoni ya mwimbaji inaingia humo kama milisekunde 9 baada ya kupigwa. Katika rekodi za miaka ya 1930, ambako bendi nzima iligawana maikrofoni chache, mwimbaji yuko karibu na wapigaji wako mbali, basi tepe inamwonyesha amewahi kidogo kuliko wao walivyosikiana chumbani. Maana yake Billie wa 1935 huenda alichelewa zaidi ya vipimo vyenu.

#9 Burashi
Mita343, mwaka 1935 hakukuwa na tepe studio za New York. Walikata moja kwa moja kwenye sahani ya nta. Hoja ya umbali inabaki palepale.

#10 Mita343
Sahihi. Nta.

#11 SahaniNyeusi
Hapo kwenye sahani pana jambo. Santuri ya inchi 10 ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika 3 kwa upande. Katika rekodi za Teddy Wilson mwimbaji hakuwa mwenye wimbo, alipewa duru moja kati ya solo za wengine. Duru ya vipimo 32 ina mapigo 128. Kwa kasi ya mapigo 160 kwa dakika hiyo ni sekunde 48. Sekunde 48 za kusema kila alichokuwa nacho! Huenda kuchelewa ndiyo njia aliyopata ya kuufanya wimbo mfupi uwe na nafasi ndani yake.

#12 Kwintiti
Nyote mnazunguka. Jibu ni uwezo wa sauti. Billie alikuwa na oktava moja na kidogo. Ella Fitzgerald au Sarah Vaughan akitaka kubadilisha wimbo anapanda au anashuka. Billie hana pa kupanda, kwa hiyo anabadilisha saa. Tazameni anavyoibana melodi: noti tano za mtunzi anazifanya mbili, kisha anazichezesha mbele na nyuma. Mlango wa juu umefungwa, kapitia wa pembeni.

Kinyume chake ni Mack the Knife: Ella in Berlin, 13 Februari 1960. Ella yuko juu ya pigo kabisa, na ndiyo maana alipoyasahau maneno ya wimbo wenyewe hakuanguka. Pigo lilikuwa mkononi, maneno aliyatunga palepale na kumwiga Armstrong katikati.

#13 TenaMzito
Kwintiti, kama uwezo mdogo ndio chanzo, Chet Baker angechelewa pia. Sauti yake ilikuwa nyembamba na uwezo mdogo, lakini kwenye Chet Baker Sings anaimba karibu na pigo, kwa unyoofu kama tarumbeta yake. Hoja yako inaeleza kwa nini Billie alihitaji njia nyingine. Haielezi kwa nini njia ikawa hii.

Anayetafuta albamu hiyo aangalie toleo. Ya 1954 ni ya inchi 10 na ina nyimbo 8. Ya 1956 ya inchi 12 iliongezewa 6. Kuna toleo la miaka ya 1960 ambalo gitaa la Joe Pass liliwekwa juu baadaye. Hilo liepukeni, ule uwazi wa kundi dogo unapotea.

#14 Mgeni_wa_Bluzi
Samahani wakuu, mimi bado najifunza. Armstrong si ndiye aliyeanzisha kuimba skati, karatasi ya maneno ilipomdondoka studio mwaka 1926? Na Lambert, Hendricks & Ross nao ni skati?

#15 MamaSkati
Karibu. Rekodi ni "Heebie Jeebies", Chicago, 26 Februari 1926. Habari ya karatasi aliisimulia Armstrong mwenyewe na wengine wakaiunga mkono, lakini yeye si wa kwanza: Gene Greene alirekodi silabi za namna hiyo mwaka 1911. Jelly Roll Morton naye alidai alitangulia. Alichofanya Armstrong ni kuzifanya silabi ziwe na umbo la solo, zenye mwanzo, kilele na mwisho.

Lambert, Hendricks & Ross ni kitu kingine. Katika skati unabuni noti na silabi papo hapo. Wao walichukua solo zilizokwisha kurekodiwa, noti kwa noti, na kuziandikia maneno yenye maana. Kabla yao Eddie Jefferson aliandika maneno juu ya solo ya James Moody ya 1949, na King Pleasure akaiimba katika santuri ya 1952. Anza na Sing a Song of Basie, iliyorekodiwa 1957. Walijaribu kwaya nzima, swingi ikakataa, basi watatu wakarekodi sauti zao juu ya sauti zao mpaka wakatosha kuwa bendi ya Count Basie. Kila tabaka la tepe linaongeza mvumo wa nyuma, kwa hiyo ukiusikia usiilaumu mashine yako.

#16 Mgeni_wa_Bluzi
Ahsante sana, sasa naelewa tofauti.

#17 Sindano25
Kwa kuwa mnapima, angalieni kasi ya santuri. Si kila santuri ya "78" ilikatwa kwa 78. Nyingi ziko kati ya 76 na 80. Kosa la asilimia 6 ni nusu toni nzima. Mfano mashuhuri ni Kind of Blue ya Miles Davis: kikao cha 2 Machi 1959 kilinaswa na mashine iliyokwenda polepole, basi ikichezwa kwa kasi sahihi upande wa kwanza unapanda kidogo. Miaka zaidi ya 30 watu walijifunza "So What" kwa piano zisizokubaliana na santuri. Matoleo ya miaka ya 1990 yalitumia tepe ya akiba kutoka mashine ya pili, na hapo noti ya D ikawa D.

Na sindano. Santuri ya 78 inataka ncha ya kama maikroni 76. Ukitumia ya stirio, maikroni 18, inazama chini ya mfereji ambako kuna vumbi na mikwaruzo, na unapata kelele tupu. Santuri za mono za miaka ya 1950 zinapenda ncha ya maikroni 25. Huna sindano ya mono? Unganisha kushoto na kulia kuwa njia moja: mtikisiko wa juu na chini unafutana, kelele inashuka, na muziki uliokatwa kwa mono haupungui chochote.

#18 Kipaza44
Sindano25, shukrani, ila kwa kazi yetu kosa la kasi halitudhuru. Santuri ikienda haraka, besi na mwimbaji wanaharakishwa pamoja. Asilimia ya pigo inabaki ileile. Ndiyo sababu nilikataza milisekunde tupu. Kinachoharibu ni tundu la katikati lililokaa kando, maana kasi inapanda na kushuka kila mzunguko.

#19 NotiMojaTu
Mmemsahau Shirley Horn, na bila yeye mjadala huu umekaa upande mmoja. Anaimba polepole mno. Kwa mapigo 50 kwa dakika pigo moja ni sekunde 1.2, nusu pigo ni sekunde 0.6, kimya kinachomwogofya mwimbaji mwingine yeyote. Yeye anaweza kwa sababu piano ni yake mwenyewe. Mkono unajua neno litakuja lini, haumsubiri wala haumkimbii. Charles Ables kwenye besi na Steve Williams kwenye burashi za ngoma walimzoea kwa miaka mingi. You Won't Forget Me, ambamo Miles Davis anaingia na tarumbeta kwenye wimbo wenye jina hilo. Sikilizeni jinsi Miles anavyoziba nafasi chache tu na kuziacha nyingine wazi.

Kwa hiyo kuchelewa kwa Horn na kwa Billie si kitu kimoja. Billie anakwenda kinyume na bendi. Horn ndiye bendi.

#20 Kwintiti
Hapo nakubali, NotiMojaTu.

#21 Burashi
Na kuna wanaotoroka swali lenyewe. John Coltrane and Johnny Hartman, 7 Machi 1963, nyimbo 6, kama dakika 31. Utangulizi wa "Lush Life" ni Hartman na piano ya McCoy Tyner bila mwendo uliofungwa. Hakuna pigo, basi hakuna wa kuchelewa. Elvin Jones anaingia baadaye na burashi, na unahisi sakafu imewekwa chini ya miguu. Kwenye "My One and Only Love" Coltrane anapiga duru nzima kabla Hartman hajafungua mdomo. Kipaza44, mbinu yako haina la kufanya hapo.

#22 Kipaza44
Haina, kweli. Ila ni albamu ninayoitetea kuliko zote humu.

#23 Rula_na_Saa
Nimesoma wote. Neno "kuchelewa" lenyewe ndilo linalotupotosha. Anayechelewa anajua saa ya wenzake na anaifuata kwa nyuma, umbali uleule. Pimeni Billie kwa vipimo 8 mtaona umbali haukai: neno la kwanza asilimia 20, la tatu 40, la tano 60, kisha anarudi. Ukipima maneno yake kwa maneno yake, bila besi, yana mwendo wao uliotulia, wa polepole kidogo kuliko bendi. Ana saa yake. Saa mbili zinakwenda sambamba, na anajua mahali pa kuzikutanisha.

#24 TenaMzito
Na nani mwingine alikuwa na saa yake mwenyewe ndani ya bendi ya Basie? Lester. Tumerudi kwangu.

#25 Burashi
Umerudi 1937. Rekodi ya 1935 bado inakusubiri.

#26 MamaSkati
Rula_na_Saa, hoja nzuri, ila namba hizo tatu ni mfano au umezipima? Andika wimbo na vipimo, wengine warudie.

#27 Rula_na_Saa
Ni mfano wa umbo, sikuupima wimbo maalumu. Ningesema hivyo mapema.

#28 UfukweWaPili
Naongeza albamu mbili zisizotajwa. A Morning in Paris ya Sathima Bea Benjamin wa Afrika Kusini: ilirekodiwa Februari 1963 Paris, Duke Ellington na Billy Strayhorn wakipokezana piano na Abdullah Ibrahim, Svend Asmussen akidonoa fidla kwa vidole. Ikatoka 1997. Fidla ile ya kudonolewa iko mbele ya pigo, Sathima yuko nyuma, na kati yao kuna nafasi unayoweza kupitisha mkono.

Ya pili ni We Insist! ya Max Roach na Abbey Lincoln, 1960. "Driva' Man" iko kwenye mapigo matano. Anayedhani kuchelewa ni mazoea ya mapigo manne asikilize Abbey anavyoliweka neno kwenye pigo zito kama nyundo, bila kuchelewa hata chembe, kwa sababu maneno yenyewe yanahusu kupigwa.

#29 SahaniNyeusi
UfukweWaPili, ahsante, ya Sathima nilikuwa siijui kabisa.

Napendekeza tupime rekodi mbili za mwimbaji mmoja, wimbo mmoja: "Fine and Mellow" ya kampuni ya Commodore, 20 Aprili 1939, na ile ya televisheni ya 8 Desemba 1957. Bluzi ya vipimo 12, polepole, miaka 18 kati yake. Vipimo 12 vya kwanza vya sauti yake, alama kwenye irabu, jibu kwa asilimia ya pigo. Kama ni Lester, uwezo wa sauti au saa yake mwenyewe, tutaona kilichobadilika na kilichobaki.

Na kwa wanaotafuta Lady in Satin: stirio asili ya 1958 haina "The End of a Love Affair". Iko kwenye mono tu, maana sauti yake iliwekwa baadaye juu ya orkestra.

#30 Sindano25
Nimo. Kwa ile ya 1939 msifuate besi, sauti za chini kwenye santuri hizo ni hafifu na alama zitayumba. Fuateni gitaa la mdundo. Ya 1957 besi ya Milt Hinton inasikika vizuri.

#31 Burashi
Gitaa la 1939 na besi ya 1957 ni vipimio viwili tofauti, Sindano25. Gitaa lina mwanzo mkali, besi inachukua muda kufunguka. Pimeni gitaa kote kuwili. 1957 yuko Danny Barker.

#32 Sindano25
Sawa, gitaa kote kuwili. Naanza na 1939.